Ndoo ya Mkaguzi

"Na hii ndoo je?" askari wa lango aliniuliza.

Mkoba alikuwa ameshaupekua: kipimajoto, kifaa cha unyevu, mita ya kubana waya, tochi, daftari. Vyote hivyo alivipitisha bila neno. Kilichomtia shaka ni ndoo ya plastiki ya lita 20, ambayo nilikuwa nimeichora mistari kwa wino mzito, mstari mmoja kila lita.

"Ya kupimia stima," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, anisome kama namfanyia mzaha. Kisha akafungua kitabu cha wageni na mbele ya jina langu akaandika: *mtu wa stima, na ndoo*.

Jengo lilikuwa la ofisi, ghorofa 4, upande wa Barabara ya Nkrumah, Mombasa, hatua chache kabla Mji wa Kale haujaanza. Jina lake halina haja. Mwenyewe hakuniita kwa hiari. Mita yake ndiyo iliyomwita. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zinataka kila kiwanda, hoteli, hospitali au ofisi inayokula uniti 180,000 kwa mwaka kwenda juu, yaani 15,000 kwa mwezi, ikaguliwe kila baada ya miaka 3 na mkaguzi mwenye leseni. Leseni zenyewe zamani zilitoka ERC, tume ya nishati ya Kenya. Tangu Sheria ya Nishati ya 2019 zinatoka EPRA, mamlaka iliyorithi kazi yake, na ripoti huenda huko huko. Watu wengi wanadhani mambo yanaishia kwenye ripoti. Hayaishii. Ukishaonyeshwa unaweza kuokoa kiasi gani, unatakiwa utekeleze angalau nusu yake kabla ya ukaguzi unaofuata.

Meneja alinipokea kwa uso wa mtu aliyetembelewa na watu wa kodi. Neno "mkaguzi" lina balaa lake. Nilimwambia sikuja kutafuta mwizi, akacheka bila kuamini.

Katika kisiwa hiki ukisema unakagua jengo la ofisi, kwa kweli unakagua AC. Taa zipo, lifti ipo, kompyuta zipo, lakini katika majengo niliyoyapitia mimi viyoyozi peke yake mara nyingi hula nusu ya bili, na pengine zaidi. Na kiyoyozi cha Mombasa hakisomeki kwa mita ya waya tu. Hapo ndipo ndoo inapoingia.

Mimi sikuanzia kwenye leseni. Nilianza kwa kubeba ngazi, kijana wa miaka 18, nikimfuata fundi mmoja wa mtaa wa Kibokoni kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuwa na kitabu wala cheti, na hakuwahi kufungua mashine kabla ya kuzunguka nje kutafuta bomba la maji. Alikuwa akisimama pale, mkono kiunoni, akihesabu matone kama mtu anayesikiliza tasbihi. "Mashine haisemi uwongo kwa maji yake," alikuwa akinambia. Nilidhani ni uzee. Nilipokwenda kusomea kazi hii ndipo nikakuta fizikia yake imekamilika, ila ameieleza kwa maneno machache kuliko mwalimu.

Hewa yetu imelowa. Wakati wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, joto likifika nyuzi 32 au 33, inatosha kuipooza hewa hiyo hadi nyuzi 25 hivi na maji yanaanza kujitenga. Kwa hivyo AC ina kazi mbili kwa mpigo, kupooza hewa na kuikamua. Kila lita moja inayodondoka bombani imekamuliwa kwa upoozaji wa karibu kilowati-saa 0.7. Mashine ile tunayoiita "elfu ishirini na nne", kwa BTU zake, ikiwashwa asubuhi katika chumba kilicholala na unyevu, inaweza kukupa lita 3 katika saa ya kwanza. Hakuna ubaya. Chumba kikiwa kimefungwa vizuri, saa ya pili maji yanapungua, na kufikia adhuhuri ni matone tu, ya pumzi za watu na mlango unaofunguliwa na kufungwa. Maji yasipopungua, jua kuna hewa ya nje inaingia na hujui inapitia wapi.

Basi siku ile niliweka ndoo yangu chini ya bomba la ghorofa ya tatu. Saa tatu asubuhi, lita 3. Saa nne, lita 1 na kidogo. Nikateremka kwenye ukumbi wa wateja, mashine za aina moja na umri mmoja. Saa tano, lita 3. Saa saba, lita 3. Saa tisa, lita 3, na wala hazikupungua hata kikombe. Nikaenda kusimama mlangoni. Springi ya kuurudisha mlango ilikuwa imekatika, siku nyingi kwa kutu iliyokuwa nayo, na mtu alikuwa ameusukumia jiwe la tumbawe usigonge. Meneja akanieleza kwamba mlango ulio wazi humkaribisha mteja. Sikubishana naye kuhusu wateja. Nilimwonyesha ndoo tu. Mchana kutwa jengo lake lilikuwa likiikamua Barabara ya Nkrumah.

Ghorofa ya pili nilikuta jambo jingine. Karani mmoja, mama wa makamo, alikuwa amejitanda shali nzito mwezi wa tatu, Mombasa, na juu ya kichwa chake tundu la AC lilikuwa limezibwa kwa kipande cha katoni na gundi ya karatasi. Rimoti ilisoma 16.

"Mama, mbona usiipandishe?"

"Mwanangu, nikiipandisha wale wa dirishani wanaishusha. Nimechoka kugombana, nimeiziba."

Wale wa dirishani walikuwa na hoja yao, jua la saa kumi liliwapiga kifuani kupitia kioo kisicho na pazia. Ni imani ya watu wengi kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa haraka kuliko ukiweka 24. Mashine ya kawaida haina mbio. Inapooza kwa kasi ile ile, tofauti ni kwamba ukiweka 16 haijui pa kusimama. Pazia la shilingi chache lingemaliza vita vya ghorofa ile.

Kisha nikapanda paa. Hapa ndipo ninapowasikitikia wamiliki, kwa sababu bahari haina huruma. Chumvi hutafuna mapezi ya alumini ya mashine ya nje hadi ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka kama biskuti. Mashine inayotakiwa kutupa joto nje haina tena pa kulitupia, kompresa inakaza, waya unavuta ampea nyingi zaidi, na ndani mtu analalamika haipoi. Anaitwa fundi, anaongeza gesi. Gesi haikuwa tatizo, au kama ilikuwa imepungua basi kuna tundu ambalo hakulitafuta, na baada ya miezi mitatu ataitwa tena. Mashine kadhaa za pale bado zilikuwa za R-22, gesi ambayo nchi kama yetu zinatakiwa kuwa zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. Kila mara inapovuja inapaa bure, na mwenye jengo anailipia tena.

Dawa ya chumvi ni maji matamu na mpira wa bustani, kila mwezi. Naandika hivyo kwenye ripoti na najua hakuna pendekezo linalodharauliwa kuliko hilo. Ukipendekeza mashine mpya za milioni kadhaa unaheshimiwa. Ukipendekeza kuosha, wanatazamana.

Lazima niseme na langu. Ripoti yangu ya kwanza ya hoteli, upande wa ng'ambo, niliipima mwezi wa saba. Kusi linavuma, usiku mtu anajifunika shuka, mashine zinafanya kazi nusu nusu. Nilichukua vipimo vyangu vya wiki moja, nikavizidisha kwa mwaka, nikaahidi akiba nzuri kwa maandishi na muhuri. Ulipofika mwezi wa tatu mwenye hoteli akanipigia simu. "Injinia, ile akiba uliyoniandikia iko wapi? Naitafuta kwenye bili siioni." Alikuwa na haki. Tangu siku ile sipimi AC wakati wa kusi bila kurudi wakati wa kaskazi, na safari ya pili mara nyingi najilipia mwenyewe.

Sasa, mimi naishi Mji wa Kale, na kila jioni nikirudi kutoka kukagua majengo ya watu napita chini ya mashine ambazo sheria haizioni. Chukua kichochoro kimoja tu nyuma ya Ndia Kuu, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Duka la simu, la dawa, la vitambaa, ofisi ya safari. Kila moja na mita yake, kila moja na mashine yake ya nje imening'inizwa ukutani, zikitazamana kama wapinzani. Ya huku inapulizia joto lake usoni mwa ya kule, na ya kule inarudisha. Nimewahi kupima: kwenye mdomo wa kichochoro nyuzi 32, katikati ya mashine nyuzi 41. Kila mwenye duka anaona mashine yake mbovu, anaongeza nyingine kubwa, na kichochoro kinazidi kuwa tanuri. Halafu maji. Ijumaa watu wanashuka kwenda Msikiti wa Mandhry na kanzu zilizopigwa pasi, tone moja linatua begani, na hapo utasikia Kimvita ambacho hakiandikiki.

Duka moja lenye "elfu ishirini na nne" mbili halitafika uniti 180,000 hata likilala wazi. Kwa hesabu yangu, ukiziwasha saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, unahitaji mashine za namna hiyo karibu 40 ndipo mstari uvukwe. Sheria yetu inaona matumizi ya jengo, haioni mtaa. Uingereza walichagua njia nyingine: wao hawaulizi umetumia uniti ngapi, wanauliza mashine zako kwa pamoja zina nguvu gani. Zikizidi kilowati 12 za upoozaji, ukaguzi kila miaka 5. Mashine mbili za duka letu zinafika kilowati 14. Kwao lingekaguliwa. Sisemi tuige, ukileta mkaguzi mwenye leseni kwa kila duka la Ndia Kuu, ada yake itakula akiba yote kabla haijapatikana. Nasema tu kwamba joto la kichochoro kile halina mwenyewe, na ripoti ya mtu mmoja haiwezi kulitibu. Hata kuhamisha mashine kwenda paani si amri ya mtu peke yake, maana nyumba hizi ziko ndani ya eneo la uhifadhi na kubadili uso wake kunahitaji ruhusa.

Ami yangu alitia AC chumbani mwake Kibokoni, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa unene wa mkono mzima, boriti za mikoko, roshani ya mbao iliyotobolewa matundu upepo upite. Mjukuu wake akaona chumba cha AC kinafaa rangi ya kung'aa, akakipaka rangi ya plastiki. Mwaka haukwisha, ukuta ukavimba malengelenge kama chapati kwenye chuma. Chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuvisha ukuta wa namna ile ngozi ya plastiki na kuupooza hadi nyuzi 18, maji yananaswa humo ndani. Na roshani ile iliyojengwa ili ipitishe upepo iliendelea kuupitisha usiku kucha. Niliweka ndoo yangu pale pia, kwa udadisi. Hadi alfajiri ilikuwa imefurika. Nilimshauri arudishe pangaboi na akipenda AC, aitie chumba cha nyuma kisicho na roshani. Alinisikiliza kwa adabu zote. AC bado ipo palepale.

Lile jengo la Nkrumah niliitwa tena baada ya miaka 3, kama sheria inavyotaka. Nilikwenda nikitarajia yale ya kawaida: ripoti yangu kabatini, jalada lake halijapinda hata ncha. Mashine mpya zilikuwa hazijanunuliwa. Paani mapezi yalikuwa yamezidi kuoza, mpira wa maji haukuonekana popote. Lakini mlango wa ukumbi ulikuwa na springi mpya na ghorofa ya pili ilikuwa na mapazia.

Askari alikuwa yule yule. Safari hii hakuuliza kuhusu ndoo. Aliingia kibandani mwake akatoka na yake, ya bluu, imechorwa mistari kwa msumari, na kitabu cha wageni. Akanifungulia kurasa za nyuma. Kati ya nambari za magari na majina ya watu waliokuja na kuondoka kulikuwa na safu nyembamba ya maandishi yake, kila Jumatatu, saa sita mchana, bomba la ukumbi: lita 3, lita 3, lita 3, kisha wiki ambayo aliandika "mlango umetengenezwa", kisha lita 1, lita 1, nusu, lita 1.

"Wiki hii ni lita 2," akasema, akiweka kidole. "Hebu twende ukaangalie, mzee. Nadhani ni lile dirisha la choo."