Sauti ya Mtu wa Kwetu

Mwezi wa pili mwaka 2025 nilisambaza uongo hapa Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo. Sikuwa na nia mbaya, lakini hilo halinipunguzii kitu. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na kila mtu alikuwa akiihesabu barabara: Uvira, Makobola, Mboko, halafu sisi. Usiku mmoja ikaingia kwenye simu yangu sauti ya mwanaume, anasema M23 wamekwisha kupita Uvira, alfajiri wako Baraka. Niliirusha kwenye kikundi cha ukoo, cha kanisa na cha wauza ndagala, hata sijaisikiliza mpaka mwisho.

Niliiamini kwa sababu alisema Kibembe. Kibembe cha milimani, si cha kuokota mjini. Nikajiuliza huyu ni mtoto wa nani, nikaridhika kwamba ni wetu. Sikujiuliza alikuwa amesimama wapi alipokuwa akisema. Mtu wa kwetu naye huogopa, na woga haumwoneshi mtu mambo ya ng'ambo ya Uvira. Redio sikuifungua. Radio Okapi ni ya Umoja wa Mataifa, na walinda amani wake, MONUSCO, walikwisha kufunga kazi Kivu Kusini mwezi wa sita 2024. Niliona waliotuacha hawana la kutuambia.

Waliokimbia usiku ule siwacheki. Pale Makobola, kuanzia tarehe 30 Desemba 1998, watu waliuawa kwa mamia, mwaka mpya ukawakuta wengine wanazika. Watoto wa Fizi wamelelewa na habari hiyo, na wengi wetu tuna ndugu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, walio hai kwa sababu hawakungoja uhakika. Huku kwetu kukimbia kwanza ni akili. Mimi niliichezea akili hiyo.

Jirani yangu, mama mjane, aliuza mashine yake ya kushona usiku huohuo kwa bei ya kutupa, apate nauli ya boti ya Kigoma, yeye na watoto. (Aliyeinunua hakukimbia. Huyo mpaka leo najiuliza alijua nini.) Kulipokucha hakuna M23 Baraka, hata Uvira ilikuwa bado mikononi mwa serikali. Mimi nikaufuta ujumbe, nikanyamaza. Mama alirudi baadaye bila kazi, nikampa pole kama jirani yeyote. Pole ile inanichoma kuliko ujumbe wenyewe.

Tarehe 10 Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira kweli. Nilikwenda mbio kumwambia. Alikuwa anamenya mihogo.

"Mwanangu, wewe umewaona, ao umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Akaendelea na mihogo yake. Alikuja kuamini pale watu wa Uvira walipofika na magodoro kichwani, akawauliza mmoja mmoja: umetoka mtaa gani, umeona nini, saa ngapi. Ile ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya mimi mwezi wa pili.

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba ile sauti kwenye kikundi cha kanisa niliituma mimi. Hakunitukana. Aliniuliza mashine nitailipa lini. Nimeanza kulipa, deni halijaisha.