Mwanangu Ana Selimundu, na Sasa Anasoma

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Mwanza. Mtoto wangu wa pili ana selimundu, ugonjwa ambao mtaani kwetu wengi wanauita sikoseli. Natoa ushuhuda huu kwa mzazi mwenzangu anayejiuliza kama mtoto wa kuumwaumwa apelekwe chekechea au abaki nyumbani.

Ugonjwa ulijitokeza kabla hajaanza kutembea. Mikono na miguu ilivimba, na ukimgusa vidole alipiga kelele hadi majirani wanaamka. Vipimo vilionyesha kwamba mimi na baba yake kila mmoja amebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, na kwamba katika kila mimba yetu uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Chembe nyekundu za damu yako na yangu huishi siku 120 hivi. Za mwanangu hufa ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana huishiwa damu mara kwa mara. Zikipinda hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu humkamata. Watoto wa namna yake huzaliwa kwa maelfu kila mwaka Tanzania, na Kanda yetu ya Ziwa ina wengi.

Miaka ya mwanzo tulimlea ndani, na kulikuwa na sababu. Mtoto wa selimundu aliye chini ya miaka 5 hushambuliwa kirahisi na vijidudu vinavyoweza kumwua kwa muda mfupi. Alikunywa penisilini asubuhi na jioni, na vidonge vya foliki kila siku. Akapata chanjo zote na kulala ndani ya chandarua. Alipofika miaka 4 wenzake mtaani wakaanza chekechea, na nyumba yetu ikagawanyika. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mtoto huyu ni yai. Shule haikimbii." Mume wangu, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, alisema mtoto asipozoea wenzake sasa, baadaye atawaogopa. Mimi nilikuwa upande wa mama mkwe, maana mimi ndiye niliyekesha na mtoto wodini.

Siku moja nikiwa naanua nguo nilimkuta mwanangu kibarazani amepanga vizibo vya soda kwa mistari, yeye ndiye mwalimu. Alikiinua kimoja akakiuliza, "Jana hukuja. Ulilazwa?" Akanyamaza kidogo kama anayesikiliza jibu, kisha akasema, "Haya, pole. Kaa hapa mbele." Nilisimama na nguo zangu mkononi. Mtoto huyu alikuwa ameshajiandalia shule ambayo mgonjwa akirudi anapewa pole na nafasi ya kukaa. Kazi ya kumtafutia shule hiyo ilikuwa yetu sisi wazazi.

Kliniki iliyofuata nikamweleza muuguzi. Akanijibu, "Mama, huu ni ugonjwa wa maisha. Ukisubiri apone ndipo asome, hatasoma. Daktari atakuambia hali ya mwili wake. Wewe nenda ukamwone mwalimu atakayeshinda naye." Kuanzia hapo sikujiuliza tena kama amepona kiasi cha kutosha. Nilijiuliza nani atakuwa naye saa nne asubuhi maumivu yakianza.

Shule ya kwanza tuliyokwenda, ya kulipia, waliposikia ugonjwa walituambia hawachukui mtoto wa kulazwalazwa. Tukaenda darasa la awali la shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na kwetu. Darasa lilikuwa limejaa, na hilo lilinitia hofu. Lakini mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari, akasema, "Mama, niambie, akizidiwa nitamjuaje?"

Nikamwita mwanangu, nikamvuta kope ya chini taratibu na kumwonyesha mwalimu: hapa pakiwa peupe sana, damu imepungua; weupe wa jicho ukizidi kuwa wa manjano kuliko kawaida yake, nipigie. Akiwa wa moto, usimpe dawa ukasubiri, homa kwake ni ya kukimbizwa hospitali. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma ghafla, hicho chaweza kuwa kiharusi, usingoje hata dakika. Anywe maji kila mara, na aende chooni bila kuomba ruhusa, kwa sababu figo zake hazibani maji kama za wenzake. Asubuhi za mvua asivuliwe sweta. Mchezoni acheze, akisema amechoka aachwe apumzike. Mwalimu aliandika yote, akabandika namba zetu za simu ndani ya mlango wa kabati.

Alianza Januari, akiwa na miaka 5, baada ya daktari kumwanzishia dawa ya haidroksiurea na kuridhika na maendeleo yake. Wakati wa masika maumivu yalimrudia, akalazwa. Mama mkwe aliniangalia bila kusema neno, na moyo wangu ukayumba. Ila safari hii mwalimu ndiye aliyegundua mapema na kunipigia, tukafika hospitali mtoto bado anaongea. Aliporudi darasani alikuta kazi alizokosa zimewekwa pembeni, azifanye polepole.

Ugonjwa haujaondoka, na siku za kukosa shule zitakuwepo. Namshukuru Mungu kwamba mwanangu ana marafiki wanaomwulizia akikosa, na sasa mama mkwe ndiye anayemjazia chupa ya maji kila asubuhi.

Mzazi mwenzangu, pata kwanza kauli ya daktari, na akikuambia ungoje, ngoja. Akikuruhusu, nenda shuleni ueleze ugonjwa wote, usifiche hata dalili moja, kisha usikilize unachoulizwa. Ukimpata mwalimu anayetaka kujua mtoto wako akizidiwa afanye nini, mwandikishe.