Tahajia Katika Majedwali

Mwandishi wa barua katika kompyuta aghalabu husaidiwa na mstari mwekundu unaojitokeza chini ya neno lililopotoka. Karani wa majedwali hana msaada huo. Programu ya Excel haichori mstari. Hunyamaza mpaka iulizwe kwa kitufe cha F7. Kwa hiyo kosa laweza kukaa katika jedwali mwaka mzima lisionekane, hali hesabu zote ni sahihi.

Hata ikiulizwa, jawabu lake lina masharti. Ikichaguliwa seli moja, hukaguliwa ukurasa mzima pamoja na michoro na maandishi ya juu na ya chini ya ukurasa. Zikichaguliwa seli kadhaa, hukaguliwa hizo tu, na kisanduku cha maandishi kilichowekwa juu ya jedwali hupitwa kama mgeni asiyealikwa. Seli zenye fomula hazikaguliwi kabisa. Ajabu ni kuwa kisanduku na chati ndivyo msomaji avitazamavyo kwanza, kabla ya tarakimu yoyote.

Hapo makro hufaa. Makro ni maagizo yaandikwayo mara moja yakatekelezwa na mashine mara nyingi. Yaweza kupita kurasa zote, kisanduku baada ya kisanduku, ikayatenga maneno na kuliuliza kila moja kwa amri ya CheckSpelling. Jawabu ni kweli au si kweli, basi. Makro njema huishia hapo: huorodhesha maneno yenye shaka katika ukurasa wa pembeni, na jina la kisanduku yalimotoka, ikamwachia mtu hukumu. Ile inayosahihisha yenyewe yafaa kuogopwa, kwa maana kamusi ya Kiingereza humshuku Mwanaisha na Makame kama ishukuvyo makosa.

Kamusi ya Kiswahili nayo ina taabu zake. Tangu 1930 Kamati ya Lugha ilijitahidi kusanifisha tahajia, lakini neno moja kama “hawatatuandikia” limebeba sentensi nzima, na hapana orodha iwezayo kuyameza maneno ya namna hiyo yote. Hutakiwa kanuni za viambishi. Tena safu yenye kichwa “Mahari pa kuzaliwa” itapita salama, kwa kuwa mahari ni neno halali, ingawa aliyeiandika alikusudia mahali, wala hakuwa akiposa.

Zito zaidi ni majina. Mwanafunzi ameandikwa Mwanaisha katika orodha ya usajili, na Mwana Isha katika orodha ya alama. Fomula ya VLOOKUP, ikitakiwa kutafuta jina lililo sawasawa, haimpati; mbele yake hutokea #N/A mahali pa alama alizozitolea jasho. Jina lolote kati ya hayo mawili laweza kuwa sahihi, na F7 haina la kusema. Karani hana budi kulifungua jalada la mwanafunzi na kulisoma jina kama alivyoliandika mwenyewe.