Bibi Hana Kiu

Najua nimepotea. Bumu lilikata, likizo ikaingia, nikakimbilia kwa bibi Bungu, kule milimani Korogwe. Baridi ya Julai kule acha kabisa, unalala na sweta.

Siku ya nne bibi akaniita kwa jina la shangazi. Shangazi alifariki 2011. Nikacheka. Jioni akauliza kama ng'ombe wamerudi, na hajafuga ng'ombe tangu niko darasa la pili. Nikajisemea ndio uzee huo, nikaenda zangu kuchaji simu. Hapo ndipo najilaumu mpaka leo.

Asubuhi kusimama tu akayumba, akashika ukuta. Bodaboda hadi zahanati, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Nesi akamwambia atoe ulimi: mkavu kabisa. Akauliza mkojo: mchache, rangi ya chai ya rangi. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia nimemfinya ngozi ya mkono, imekawia kurudi. Akacheka. "Ya mzee hukawia hata akiwa na maji. Wewe angalia kichwa kikibadilika ghafla. Uzee hauji kwa siku mbili."

Kumbe ukizeeka kiu inapungua, na figo hazibani maji kama zamani. Bibi tena anameza vidonge vya presha, vile vya kukojoza. Juu yake baridi, nani atakumbuka maji?

Lakini alipozinduka kidogo akasema mwenyewe. "Choo kiko kule bondeni mjukuu wangu, usiku ukungu na utelezi. Nikinywa nitashuka mara ngapi?" Jamani! Alikuwa anajinyima maji tangu mchana, makusudi, asije akaanguka. Mimi nalala chumba cha pili, sijui kitu.

Alipewa ORS, funda kwa funda. (Isipopatikana: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Mwenye moyo au figo mbovu muulize daktari kwanza.) Siku ya tatu akanitaja jina langu, akanigombeza kwa nini sijafagia uwanja. Nilifagia huku nalia.

Nimemwachia ndoo yenye mfuniko chumbani na tochi. Ndoo aliikataa siku mbili, eti aibu. Jana nimempigia, nikamuuliza leo vikombe vingapi. Akajibu, "Na wewe umekula?"

Haya, semina saa nne, nawahi.