Watasema, Watachoka na mimi: Dar hadi Tukuyu kwa kiti cha magurudumu

Mpenzi msomaji, kabla hujauliza nikujibu kabisa: ndiyo, mbwa wangu mmoja anaitwa Watasema na mwenzake anaitwa Watachoka. Majina hayo niliwapa makusudi. Pale uani Tabata nilipokuwa nimepanga kulikuwa na majirani wenye midomo, na kila jioni nilipopiga kelele "Watasemaaa! Watachokaaa!" ujumbe ulifika bila kugombana na mtu.

Sasa hebu nikueleze jinsi sisi watatu tulivyosafiri kwa barabara zaidi ya kilometa 800, mimi nikiwa sina miguu inayofanya kazi na wao wakiwa na minane kati yao.

Mimi natumia kiti cha magurudumu tangu mwaka 2013, bodaboda niliyopanda ilipoingia ubavuni mwa lori. Uti wa mgongo uliumia, kuanzia kiunoni kwenda chini sina habari. Nilishalia nikamaliza, kwa hiyo na wewe usianze. Nashona nguo, nalipa kodi, najipikia. Lakini mwaka jana baba alifariki, mama akabaki peke yake Tukuyu na shamba la migomba, na wakati huo huo mwenye nyumba wangu akaniita akasema, "Dada, wewe huna neno. Ila hao mbwa nakupa mwezi mmoja."

Nikaona basi, narudi nyumbani. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alifurahi, halafu akasema neno lililonichoma: "Waache hao mbwa hapo hapo, mbwa wamejaa kila kijiji."

Kaka yangu nampenda, lakini hakuwepo usiku ule wa masika. Nilitoka uani kuanua nguo, gurudumu likazama kwenye tope, nikapinduka. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Niliita mpaka sauti ikakauka, kila mtu kajifungia, mabati yanapiga kelele. Watasema akaenda kwenye mlango wa jirani akabweka, akakwaruza mlango, akafukuzwa, akarudi tena. Watachoka alilala ubavuni kwangu, mwili wake wote umeniegemea, wala hakuondoka. Yule jirani mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alitoka nje na fagio kwa nia ya kumpiga mbwa, ndipo akaniona. Sasa mbwa wa namna hiyo unawaachaje?

Basi la abiria lilishindikana mapema. Mbwa hawapandi, na mimi mwenyewe nilikuwa na kinyongo. Safari yangu ya mwisho kwa basi, konda alinibeba mgongoni kama gunia la mchele, kiti changu kikatupwa buti chini ya masanduku, nikakipata kimepinda. Nikauza cherehani moja kati ya mbili zangu, nikakodi Noah. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yuyo huyo, akakubali kuendesha. Anapenda safari, na shangazi ndiye anayelipia chakula.

Maandalizi

Siku ya safari si siku ya kujaribu bahati. Kwanza nilimpeleka Watasema na mwenzake kwa daktari wa mifugo, wakachomwa sindano ya kichaa cha mbwa na kuandikiwa kadi, tukapata na kibali cha kuwasafirisha. Jioni ya mwisho waliwahi kula, na asubuhi sikuwapa chakula, maana mbwa aliyeshiba akitingishwa kwenye gari utajuta. Maji walikunywa kidogo kidogo njiani.

Kwa upande wangu mambo yalikuwa mengi zaidi. Wengi hudhani shida ya mtu asiyetembea ni kutembea. Msomaji, hilo ndilo dogo! Kubwa la kwanza ni kukaa. Wewe ukikaa sana unaumia, unajigeuza bila hata kufikiri. Mimi siumii, kwa hiyo nisipojikumbusha ngozi inakosa damu na kidonda kinaanza kimya kimya. Kidonda cha makalio kinaweza kukulaza miezi. Ndiyo maana nilikalia mto wangu wa kitini, na mpwa wangu aliweka kengele ya simu kila baada ya nusu saa. Ikilia, najiinua kwa mikono nikishika mlango na siti, nahesabu taratibu, nashuka.

Kubwa la pili ni haja ndogo. Nisamehe kama unasoma gazeti hili huku unakula. Kibofu changu hakiniambii kwamba kimejaa, kwa hiyo kila baada ya saa nne hivi natoa mkojo kwa mpira maalumu. Inatakiwa mikono misafi, sehemu ya kujilaza kidogo, na faragha. Ukichelewesha sana, mkojo unaweza kurudi nyuma ukaharibu figo. Basi nilichora ratiba yangu kama mkuu wa kituo cha treni: Morogoro asubuhi, Ilula mchana, Iringa jioni. Kiti kilikunjwa kikawekwa nyuma ya siti ya dereva, siti za nyuma zikang'olewa, mbwa wakatandikiwa godoro la zamani na kufungwa kamba fupi.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Majirani walitoka kutuaga, hata wale wa midomo. Mmoja alilia. Nikajisemea kumbe walisema na wakachoka kweli.

Kadi za mbwa

Baada ya Chalinze tulisimamishwa na askari wa barabarani. Alikagua leseni, akazunguka gari, akachungulia nyuma. Watasema akabweka mara moja tu, yule bwana akaruka hatua mbili.

"Huyu anaitwaje?"

"Watasema, afande."

"Watasema nini?"

"Ndilo jina lake, afande. Mwenzake Watachoka."

Akanitazama, akatazama kiti kilichokunjwa, akatazama kadi za chanjo. Akaanza kucheka mpaka kofia ikamvuka. Tulimwacha anamsimulia mwenzake.

Morogoro mambo yalikwenda sawa. Mikumi ndipo nilipokuwa na hofu, kwa sababu barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, unatakiwa kwenda taratibu, na ukigonga mnyama faini yake imeandikwa pale kwenye kibao. Tulifunga vioo tukaacha nafasi ya vidole viwili. Mbwa wa Tabata ambao maisha yao yote adui mkubwa ni paka, ghafla pua zikajaa harufu za nyati na tembo. Hawakubweka! Walijikunja chini ya godoro kama wadaiwa waliosikia hodi. Nyani walikaa pembeni ya lami wanatutazama, Watachoka akafumba macho kabisa.

Kitonga si mchezo

Tulipita Ruaha Mbuyuni saa saba hivi, mibuyu imesimama kila upande. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: tupande mlima Kitonga, tufike Ilula, nitafute chumba, nimalize shida zangu.

Anayejua Kitonga anajua. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo, kona juu ya kona, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa konokono. Siku hiyo moja lilikata pumzi kwenye kona. Foleni ikasimama, juu hadi chini.

Saa nane. Saa nane na nusu. Mpwa wangu akashuka kuuliza, akarudi ametikisa kichwa. Saa tisa nilianza kutoka jasho, na si la joto. Nilijua saa nne zangu zimepita zamani. Mbele yangu lori, nyuma yangu basi limejaa watu, na watu hao wote wameshuka wamezagaa barabarani. Nitajilaza wapi? Nyuma ya gari kuna mbwa. Mbwa wakitoka, watu watakimbilia wapi, korongoni?

Nilikaa nikijisemea kwamba kaka yangu alikuwa na haki, ningewaacha. Nakiri hivyo, maana niliwaza hivyo.

Ndipo mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, akasogea dirishani. Alikuwa abiria wa lile basi. "Mwanangu, mbona uso umekubadilika? Unaumwa?"

Sijui kwa nini nilimwambia yote. Labda kwa vile aliniita mwanangu. Akasikiliza, akageuka, akaita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha jikoni kwenye shughuli: "Wanawake! Kanga!"

Msomaji, sijawahi kuona kanga zikitoka haraka vile. Walikuja kama kumi. Mpwa wangu akawashusha mbwa, akaenda nao pembeni mwa ukuta wa mlima, wanaume wakaambiwa watazame korongo. Wale kina mama wakalizunguka gari, wakafunika madirisha na mlango wa nyuma, wakaanza kupiga stori zao kama wako kisimani, ili nisijisikie vibaya. Mmoja alinimiminia maji ya kunawa. Nilifanya shughuli yangu kwenye godoro la mbwa juu ya kanga safi.

Nilipomaliza nikamshukuru yule mama, nikamwomba radhi kwa ajili ya mbwa, maana nilimwona anawakwepa. Akasema, "Mbwa wako nawaheshimu, mwanangu, ila mate yao hapana. Akinilamba, nijioshe mara saba, mojawapo kwa udongo, na udongo wote wa Kitonga huu unateleza." Tulicheka hadi machozi. Watachoka, kana kwamba amesikia, alikaa mbali na mkia wake ameukalia. Lori lilivutwa saa kumi na moja.

Iringa na ngazi zake

Iringa tuliingia saa moja usiku, baridi inang'ata. Nyumba ya kwanza ya wageni ilikuwa na ngazi tano mlangoni. Kijana wa mapokezi akasema, "Wewe tunaweza kukubeba, lakini mbwa hawaruhusiwi."

Nikamwambia, "Mbwa wanapanda wenyewe, mdogo wangu. Ngazi ndizo zilizonikataa mimi."

Ya pili haikuwa na ngazi, ila mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti changu. Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia mwaka 2009. Bahati mbaya milango haisomi sheria, na mafundi wengi pia.

Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mzee, nyumba ya zamani, milango mipana. Chooni niliingia na kiti changu hadi ndani! Mbwa akasema walale uani na mlinzi. Asubuhi nilimkuta mlinzi amelala fofofo, Watasema na Watachoka wamekaa getini wanafanya kazi yake. Walikuwa wanatetemeka kwa baridi, maskini, watoto wa Dar hao. Niliwafunga kila mmoja kipande cha blanketi.

Siku ya pili ilikuwa nyepesi: misitu ya Mafinga, upepo wa Makambako, mpunga wa Igurusi. Tulisimama kila baada ya saa mbili, mbwa wakajinyoosha, mimi nikajiinua. Uyole tukakata kushoto, na mlima Rungwe ulipojitokeza na migomba ikaanza, nilishusha kioo chote nikaacha ubaridi uniingie.

Mama alikuwa amesimama barazani. Alinikumbatia muda mrefu bila kusema. Halafu akawaona.

"Hawa hawalali ndani," akasema.

"Sawa, mama."

"Wanaitwaje?"

Nikamwambia. Akafikiri kidogo. Tangu baba afariki, watu walikuwa wamesema sana kuhusu mjane anayeng'ang'ania shamba peke yake. "Haya," akasema, "waache waseme." Akaingia jikoni akatoka na ugali na vichwa vya samaki.

Leo ni mwezi wa tatu. Mlangoni tumeweka udongo ulioshindiliwa kuwa mteremko, kaka mwenyewe alikuja kuutengeneza, na safari hii hakusema kitu kuhusu mbwa. Cherehani inalia barazani. Na wale mbwa niliowauzia cherehani, niliowapitisha Mikumi na Kitonga? Alfajiri mama akishika panga tu, wanamfuata shambani wote wawili, mikia juu, wala hawageuki nyuma kunitazama. Wasaliti wakubwa! Lakini mama sasa haendi shambani peke yake, na mimi nikiwa hapa kitini nawasikia wakibweka kule kwenye migomba, najua yuko wapi.

Wewe mwenzangu mwenye kiti unayesoma hapa na unaogopa safari: panga saa zako, beba mto wako, weka maji ya kunawa karibu. Na ukikwama, sema. Mimi nilikaa saa nzima na nusu pale Kitonga nikiona haya, na kanga kumi zilikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni kwangu.