Ufuo Uliotulia Usitudanganye

Katika nchi yetu ya shaba watu hudhani kwamba riziki yote yatoka chini ya ardhi. Shaba yachimbwa, kobalti yachimbwa, na kijana wa Kolwezi atafutaye chakula huinamia udongo. Lakini maji nayo hulisha watu. Kaskazini ya mji wetu liko Ziwa Nzilo, ambalo babu zetu hawakulijua. Lilitokea baada ya kujengwa ukuta wa kuuzuia mto Lualaba, uliomalizika mwaka 1952, ili maji yazungushe mitambo ya umeme wa migodi. Zamani ukuta huo uliitwa kwa jina la Delcommune, Mbelgiji aliyefika Katanga mwaka 1891. Basi ukuta ulijengwa kwa ajili ya umeme, lakini samaki walipata makao mapana, na watu wakapata kitoweo.

Leo twapenda kuzungumza juu ya uvuvi mmoja mdogo katika ziwa hilo, yaani kuvua kambale mtu akiwa ameketi juu ya mpira wa gari, na hasa siku ya upepo. Labda wengine watacheka na kusema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Sivyo. Wanaoingia majini hivyo ni akina baba wenye nyumba, nao huingia zaidi mwezi wa Agosti, wakati shule zinapokaribia kufunguliwa na fedha za madaftari hazijapatikana. Katika jambo hili dogo umo uhai wa mtu, na kwa sababu hiyo twaliandika.

Kwanza tumtazame samaki mwenyewe. Kambale, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita kambare, hana magamba. Ngozi yake yateleza, kichwa chake ni kipana na kigumu, na mdomoni ana sharubu 8 ambazo kwa hizo hupapasa chakula gizani. Mwenyezi Mungu amempa kitu ambacho samaki wengi hawana: juu ya matamvua yake mna kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, na kwa hicho aweza kuvuta hewa kama sisi. Ndiyo sababu huishi katika tope na maji mazito, na ukimweka ndani ya gunia bichi atakaa saa nyingi akiwa hai.

Tena samaki huyu si wa kwetu tu. Kambale wa jamii iyo hiyo wamo hata leo katika ziwa la Galilaya, mahali Mtakatifu Petro na wenzake walipokuwa wakivua. Sheria ya Musa iliwakataza Wayahudi kula samaki asiye na magamba. Kwa hiyo, Bwana wetu Yezu Kristu aliposimulia habari za wavu uliokusanya samaki wa kila namna, na wavuvi wakaketi ufuoni kuchagua wazuri na kutupa wabaya, wafafanuzi wengine husema kwamba kambale alikuwa miongoni mwa wale waliotupwa. Sisi tuliofundishwa kwa maono ya Petro kule Yafa kwamba Mungu amevitakasa vyakula vyote, twamla kwa shukrani, pamoja na bukari na sombe, na mifupa humwachia paka.

Sasa habari za mpira. Malori mengi hupita kati ya Kolwezi na Lubumbashi yakibeba mali ya migodi, na kando ya barabara wako mafundi wa magurudumu, ambao watu huwaita kwado. Kwao mtu aweza kununua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, uliokwisha kutiwa viraka. Huujaza upepo, huuzamisha majini na kutazama kama watoa mapovu, kisha hufunga kamba kama wavu katikati yake na kulaza kipande cha ubao. Mvuvi huketi juu ya ubao, miguu ikining'inia majini, na mkononi ana kafi fupi. Huko Marekani wako watu wavuao kwa namna hii kwa kujifurahisha. Hununua mpira ulioshonewa kiti, huvaa mapezi ya mpira miguuni na koti la kuelea kifuani. Sisi hatuna hayo yote, lakini maji hayaulizi mtu ana nini.

Chambo cha kambale si cha shida. Hupenda nyungunyungu, utumbo wa kuku, hata kipande cha sabuni ya kufulia. Ndoano yataka kulala chini kabisa, kwa hiyo mshipi hufungwa chubwi zito. Shida huja samaki anapopanda. Katika kila pezi la ubavuni, nyuma ya kichwa, kambale ana mwiba mgumu wenye meno. Akijipigapiga juu ya mpira, mwiba ule hutoboa kama sindano ya mshona viatu. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili humkamata nyuma ya mwiba, humpiga kichwani kwa rungu dogo angali majini, kisha humtia ndani ya gunia linaloning'inia nje. Hamlazi mapajani hata dakika moja.

Lakini adui mkubwa wa mtu wa mpira ni upepo. Kolwezi iko juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe upepo huvuma kutoka kusini-mashariki. Alfajiri kuna baridi na kimya. Jua likipanda, upepo nao huamka, na mchana hukimbia juu ya maji bila kizuizi. Mtumbwi una uso na kisogo, na mwenye nguvu aweza kuuelekeza kwenye wimbi. Mpira hauna uso wala kisogo. Mwili wake wote uko juu ya maji, chini hauna kitu cha kuushika isipokuwa miguu ya mtu. Upepo ukiupiga, huuzungusha na kuupeleka utakako wenyewe.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Mtu atokaye Kolwezi hufika kwanza ufuo wa kusini. Nyuma yake kuna kilima na miti inayozuia upepo; mbele yake maji yamelala kama mafuta, na matete hayatikisiki. Mbali, ng'ambo ya pili, huona mstari mweupe wa mawimbi yakipiga ufuo. Asema moyoni, “Kule ni kubaya, hapa ni kuzuri,” naye huingia. Hajui kwamba upepo umeruka juu ya kichwa chake, nao utashuka juu ya maji hatua hamsini tu mbele yake. Akiisha kupita hatua hizo, atachukuliwa katikati ya ziwa, na kila dakika nchi itazidi kuwa mbali.

Agosti mmoja tulikuwa ufuo wa upande wa mawimbi pamoja na wavuvi wa Kisanga. Kama saa tano ya asubuhi mzee mmoja aliinua mkono akaonyesha kitu cheusi katikati ya maji. Tulidhani ni gogo. Yeye akasema, “Gogo halina mikono.” Mara mitumbwi miwili ikasukumwa majini, na wale watu wakapiga makafi bila kusema neno, maana mawimbi yalikuwa yakiingia ndani. Tulisimama ufuoni tukisali, na sala yetu haikuwa ndefu wala nzuri. Tulirudia jina la Bikira Maria tu.

Walimleta kijana, baba wa mtoto mchanga. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na vidole vilikuwa vimekakamaa katika kamba hata ikabidi kuvifungua kimoja kimoja. Mpira wake ulikuwa umelegea kwa kutoa hewa taratibu. Tulimfunika makoti yetu, tukamketisha karibu na moto. Aliposikia joto aliweza kusema, naye alimwambia yule mzee, “Baba, pale nilipoingia hapakuwa na upepo.”

Mzee akamjibu kwa upole, “Ulikuwako, mwanangu. Ulikuwa mgongoni mwako.”

Katika gunia la yule kijana alikuwamo kambale mmoja, mzima kabisa, akifungua na kufunga mdomo. Samaki alikuwa amestahimili safari kuliko mwenye kumvua. Mzee akamwamuru ampelekee mkewe, na asimfiche habari alikompata.

Tangu siku ile tumetafakari sana maneno ya mzee. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ufuo wenye mawimbi humwonya mtu tangu mbali, humwambia wazi, “Mimi ni mkali.” Ufuo uliotulia haumwambii kitu. Na ajabu ni kwamba ule mkali ndio ulio salama zaidi kwa mtu wa mpira, kwa kuwa nguvu zikimwishia, upepo wenyewe utamrudisha nchi kavu, amelowa na kuaibika, lakini hai. Tena ndiko waliko samaki. Mawimbi huchimbua tope la ufuo na kufukua wadudu na minyoo, nayo maji ya juu yenye vuguvugu husukumwa kuja upande ule. Kambale husikia harufu, hukaribia mpaka kwenye maji ya magotini. Mvuvi hana haja ya kwenda mbali. Yatosha apite matete kidogo.

Basi twawapa akina baba na vijana wetu shauri hili, kama tulivyolipokea kwa wazee wa maji. Kabla ya kuingia, tupa majani makavu juu, utazame yaendako. Yakielekea ziwani, usiingie, hata kama maji yamelala. Yakirudi kwako, waweza kuingia, lakini funga kamba ndefu kutoka mpira mpaka mti wa ufuoni. Ukishusha jiwe la nanga, lifunge kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na usilifunge kiunoni kamwe. Fungia kifuani madumu mawili ya plastiki ya lita 5, matupu na yenye vifuniko vilivyokaza. Kila moja huweza kubeba karibu kilo 5, na hayo yatosha kukiweka kichwa chako juu ya maji ikiwa mpira utapasuka. Jaribu kwanza kurudi ungali mahali pa kusimama: ukishindwa kurudi hatua 10 dhidi ya upepo, usiende hatua 20. Na mvua za kwanza zikikaribia, ukisikia ngurumo, toka majini mara moja, kwani radi ya Katanga haina rafiki.

Yako na mengine. Waulize wenyeji kama mamba au kiboko wameonekana, na wakisema ndiyo, rudi nyumbani bila ubishi. Kwenye majani ya ufuoni hukaa konokono waletao kichocho. Ujikaushe upesi, na ukiona damu katika mkojo usione haya kwenda hospitali. Tena tupo katika nchi ya migodi, na kambale hula topeni. Wachunguzi waliopima samaki wa Ziwa Tshangalele, katika mto Lufira, waliona madini ndani ya miili yao. Kwa hiyo usivue karibu na mto Musonoi, kwa maana umepokea uchafu wa migodi miaka mingi. Na samaki wowote uwapatao, tupa maini na matumbo.

Labda mtu atasema, “Je, Bwana hakuutuliza upepo na bahari, mitume walipopiga kelele?” Ndiyo, aliwatuliza, nasi twasadiki. Lakini Bwana yuyo huyo, Shetani alipomshauri ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa, asimjaribu Mungu. Mitume walishikwa na dhoruba wakiwa njiani ambako Bwana mwenyewe aliwaambia waende. Si sawa na mtu aliyeonywa, akaingia kwa ukaidi, kisha akategemea muujiza. Akili ya kutazama majani yaendako nayo ni zawadi ya Mungu, na apendaye kuitumia humheshimu aliyempa.

Tena twawaomba akina baba jambo moja jepesi. Unapotoka alfajiri, mwambie mama wa nyumba ufuo gani unakwenda na saa gani utarudi. Wengi huondoka kimya, wakidhani kwamba mwanamume hatoi hesabu ya nyayo zake. Yule kijana hakuwa amemwambia mtu. Kama wavuvi wale hawangekuwapo, mkewe asingalijua hata upande wa kumtafuta. Kambale akikosekana, sokoni Kolwezi wako wengine, wabichi na wa moshi. Na siku fedha zikikosekana, sombe peke yake humfikisha mtoto asubuhi. Lakini baba haliuzwi sokoni fungu lake. Tuvue basi, maana watoto wetu wala. Ila tuvue upande ambao upepo waturudisha kwao.