Rutuba ya Majini

Neno rutuba huku Ufipa halina ubaya. Mtu wa Chanji akikwambia shamba lake lina rutuba, anajisifu. Wazee wetu walikuwa na ntumba zao: nyasi zinafukiwa kwenye vilima vya udongo, zinaoza, baadaye udongo ule unatawanywa na kupandwa ulezi. Siku hizi ni urea, asilimia 46 yake nitrojeni tupu, na foleni ya mbolea ya ruzuku. Vyovyote vile, kazi ya mkulima ni kuongeza.

Mimi nina tangi la samaki sebuleni, na kazi yangu ni kupunguza.

Samaki wenyewe ni wa Ziwa Tanganyika, jamii ya Tropheus, wale ambao ziwani hushinda kwenye miamba wakikwangua mwani. Ungedhani watanisafishia vioo. Wapi! Wanakwangua mawe, kisha kila walichokula kinarudi majini. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa kwenye changarawe na sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, halafu nitrati. Amonia inaua samaki. Nitrati haina haraka hiyo, lakini kwa mwani ndiyo urea yenyewe. Ongeza fosfati iliyomo kwenye chakula cha pakiti, ongeza jua la dirishani, basi wiki mbili tu kioo kimevaa koti la kijani. Wanaofuga samaki wa baharini wana taabu hii hii, tena kubwa zaidi, maana matumbawe mengi yamezoea maji maskini.

Wengi hukimbilia dawa ya kuua mwani. Siipendi. Mwani uliokufa unaoza, na ukioza unarudisha majini kila ulichokuwa umekula. Dawa ni ndoo. Kila Jumamosi natoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyolala usiku kucha; nalisha kidogo; taa haizidi saa nane kwa siku. Na mwani ninaoukwangua lazima utoke nje kabisa, kwa sababu umebeba nitrojeni na fosforasi yake mwilini. Maji hayo naumwagia mchicha. Mchicha haujawahi kulalamika.

Shangazi yangu anafanya biashara ya dagaa wa Kasanga, na akileta mzigo Sumbawanga hulala kwetu. Asubuhi moja alinitazama nikibeba ndoo ya maji ya kijani, akasema, “Mwanangu, unamwaga chakula.”

Kwa ziwa lake, yuko sahihi kabisa. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na sehemu kubwa ya chini haina oksijeni. Vinavyokufa juu huzama huko, na rutuba yake hubaki huko kama akiba iliyofungiwa. Kinachoifungua ni upepo wa kusini-mashariki, kuanzia kama Mei hadi Septemba: unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kwetu kusini maji ya baridi yanapanda na rutuba yake. Mwani mdogo usioonekana kwa macho unastawi, vidudu vinaula, dagaa wanakula vidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunakula wote.

Lakini maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki kirahisi na yale mazito ya chini. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ukuaji wa mwani ziwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Mwaka 2016 wengine, waliosoma tabaka za matope ya chini ya ziwa, wakaonyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla hata uvuvi wa kibiashara haujashamiri. Yaani tatizo langu na la ziwa ni kama mizani iliyogeuzwa: huku imezidi, kule imekwama chini.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Siupingi uamuzi ule. Nyavu ni nyingi, na samaki anahitaji nafasi ya kuzaa. Ninachokataa ni yale maneno ya vijiweni, hapa mjini na hata kwetu waandishi, kwamba wavuvi ndio wamelimaliza ziwa, nukta. Marufuku inazuia nyavu. Haiteremshi joto la maji. Aliyelipa ile miezi mitatu ni shangazi, aliyeuza maharage kwa faida ya kuhesabu vidoleni na kuchelewesha ada ya binti yake wa kidato cha tatu.

Nilimweleza habari ya upepo na maji ya chini. Hakushangaa. Akasema wazee wa Kasanga wanaujua upepo huo siku zote, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna ofisa niliyewahi kumhoji aliyeniuliza: kama samaki wanakuja na upepo, na upepo ni wa miezi ile ile ya kufungwa, watamwachia upi?

Ziwa lilipofunguliwa Agosti, alipanda gari la alfajiri la Kasanga na magunia matupu kumi. Alirudi na manne yaliyojaa.